Bandari Moja, Maneno Mawili: Mwongozo Kamili wa "Port" na "Harbour" kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Neno letu "bandari", tulilopokea kutoka Kiajemi, lina tumbo kubwa. Ndani yake yamo maji tulivu ambamo jahazi hutia nanga kukwepa kusi. Limo gati na winchi zake, imo ofisi ya ushuru, na siku hizi umo hata uwanja wa makontena uliojengwa mbali kabisa na bahari, ule tunaouita bandari kavu. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa maneno mawili, "harbour" na "port". Kuyachanganya barazani hakuna madhara. Kuyachanganya kwenye hati ya shehena ("bill of lading") ya korosho ni jambo jingine, maana hati hiyo inaweza kurudishwa na benki ilhali meli imeshaondoka.

Mwongozo huu ni wa makarani wa uwakala wa forodha, waongoza wageni wa Mikindani na Kilwa, mabaharia wanaosomea vyeti, na walimu wa Kiingereza wanaofundisha watoto wanaoiona bahari kila siku. Usitafsiri neno "bandari" kabla hujapita hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Toa gati, kisha toa maji

Kabla ya kuandika lolote, fanya jaribio la akilini. Chukua mahali unapopazungumzia, uondoe kila kilichowekwa na binadamu: gati, maghala, taa, walinzi, ofisi, vitabu vya ushuru. Je, unachotaka kukisema bado kipo? Kama kipo, neno lako ni "harbour". Hilo ni neno la maji yaliyokingwa, yenye kina cha kutosha na chini panaposhika nanga, ambamo chombo hulala bila kupigwa na mawimbi. Asili yake katika Kiingereza cha kale ni maneno mawili, jeshi na hifadhi, yaani kambi ya kujistiri. Wazo la kustiri halijawahi kulitoka neno hilo, na utaliona tena katika hatua ya mwisho.

Sasa fanya kinyume chake. Ondoa maji, uache shughuli: mizigo kupokewa, kukaguliwa, kulipiwa na kuondoka. Kama unachotaka kukisema bado kina maana, neno lako ni "port". Ndiyo maana Kwala mkoani Pwani na Isaka mkoani Shinyanga zinaitwa "dry port" na hakuna atakayeziita "dry harbour". Pale hakuna maji ya kumstiri mtu. Kuna reli, makontena na forodha, na hivyo vinatosha.

Mahali pengi ni vyote viwili kwa pamoja. Hapo swali linabaki: sentensi yako inazungumzia kipi kati ya hivyo viwili?

Hatua ya 2: Pima maneno hayo kwa pwani yetu

Anza na Mtwara mjini, kwa sababu pale maneno yote mawili ni sahihi na tofauti yake inaonekana kwa macho. Simama Shangani utazame upande wa Msangamkuu. Ghuba iliyo mbele yako, iliyokingwa na rasi, yenye kina kirefu kilichochimbwa na maumbile, ndiyo "Mtwara harbour". Ilikuwepo kabla ya mji. Gati la zamani la mita 385 na gati jipya la mita 300, pamoja na yadi, mizani na lango la malori, ndivyo "Mtwara Port". Hiyo ina umri unaohesabika: ilizaliwa na Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947, Waingereza walipotafuta njia ya kutoa karanga za Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka 1951, lakini gati likaendelea kujengwa, likabaki kuwatumikia watu wa korosho.

Kwa hiyo mgeni akikwambia "Mtwara has a fine harbour", anasifu ghuba. Akisema "Mtwara has a fine port", anasifu vifaa na utendaji. Ukimjibu wa kwanza kwa kumweleza idadi ya makreni, mmeshapishana.

Mikindani ni mfano bora kuliko yote, na ndipo waongoza wageni wengi hukosea. Ile ghuba ya duara yenye mlango mwembamba ni "harbour" ya kupendeza. Livingstone alifika hapo mwaka 1866 akielekea bara, na jahazi na mashua zinalala hapo hadi leo. Lakini meli za mizigo za kigeni haziji Mikindani kupakua makontena. Kwa hiyo sema "Mikindani is an old harbour town". Ukisema "Mikindani is a port", mtalii atatafuta meli. Ukizungumzia karne ya 19, pembe za ndovu na biashara mbaya ya watumwa, hapo "port" inarudi, mradi kitenzi kiwe cha wakati uliopita: "Mikindani was a busy port".

Kanuni hiyo inafaa pia Kilwa Kisiwani, mahali alipofika Ibn Battuta mwaka 1331. Mji ule ulikuwa "port" mkubwa wa dhahabu. Biashara ilihama, na maji yake ya kina yangali pale vilevile. "Port" ni kazi, na kazi inaweza kufa. "Harbour" ni umbo la nchi na bahari. Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ulikuwa "port" kwa miaka michache tu ya karanga, wakati reli ya kwenda Nachingwea ilipoanzia hapo kabla gati la Mtwara halijakamilika. Anayeandika historia ya mahali hapo asisahau "was".

Lindi yenyewe imekaa kwenye mlango wa mto Lukuledi. Sehemu ile ya maji kati ya mji na Kitunda, inapopita pantoni, ni "harbour". Gati dogo na ofisi yake ni "a small port".

Sasa diko. Diko si "port" wala si "harbour", hata kama wenyeji wanaliita bandari. Pwani ya mchanga ambapo ngalawa na mitumbwi hushusha samaki kwa mabega ni "landing site", na ndivyo nyaraka za uvuvi zinavyoandika. Ukipeleka maombi ya msaada wa kikundi cha wavuvi ukaandika "our harbour", mfadhili atadhani mnao ukuta wa kuzuia mawimbi, na ataanza kuuliza maswali yasiyowahusu. Bandari maalumu ya uvuvi, yenye gati, barafu na mnada, kama ile iliyoanza kujengwa Kilwa Masoko, huitwa "fishing harbour" au "fishing port", na yote mawili yanakubalika. Hapo angalia jina lililo kwenye hati rasmi ulifuate herufi kwa herufi.

Hatua ya 3: Kwenye hati za mizigo, usibuni

Katika makaratasi ya biashara ya kimataifa neno ni "port" tu. Hati ya shehena ina kisanduku cha "port of loading" na kisanduku cha "port of discharge". Korosho ikipakiwa Mtwara kwenda Tuticorin nchini India, unaandika Mtwara katika cha kwanza na Tuticorin katika cha pili. Kama mzigo ulipokelewa na mwenye meli huko bara, tuseme ghalani Masasi, Masasi inaingia kwenye "place of receipt". Kosa la kawaida ni karani kuandika Masasi kwenye "port of loading" kwa sababu kontena lilifungwa lakiri huko. Masasi haina maji wala bandari kavu, na benki itaiona.

Ubaya wake uko hivi. Malipo ya mnunuzi wa nje mara nyingi hupita kwenye barua ya dhamana ya benki ("letter of credit"), na benki hukagua karatasi. Mzigo wenyewe hazitazami. Kwa kanuni za kimataifa zinazotumika sasa, ziitwazo UCP 600, benki ina siku tano za kazi kukagua, na ikikuta bandari iliyo kwenye hati haiendani na iliyo kwenye barua, ina haki ya kukataa kulipa. Korosho iko baharini, pesa hazijaingia, na kurekebisha hati kunategemea hisani ya mwenye meli na mnunuzi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni barua isemayo "any Tanzanian port". Usiinakili hivyo kwenye hati ya shehena. Barua imekupa uhuru wa kuchagua, na hati inatakiwa kutaja ulichochagua: Mtwara. Vivyo hivyo kwenye bei. "FOB", yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini, inafuatwa na jina la bandari ya kupakia, kwa mfano "FOB Mtwara". "CIF", yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli, inafuatwa na jina la bandari ya kushushia. Kuandika "CIF Mtwara" kwa mzigo unaotoka Mtwara ni kugeuza mkataba kichwa chini.

Liko jambo moja ambalo hata wazoefu hulipitia haraka. Kisheria, mipaka ya "port" mara nyingi inavuka mipaka ya "harbour". Meli iliyotia nanga nje ya ghuba ikisubiri zamu bado iko baharini kwa macho ya mvuvi. Kwa mkataba wa kukodi meli inaweza kuwa imeshafika bandarini, mradi iko ndani ya mipaka ya bandari, mahali meli zinaposubiri, na iko tayari kupokea amri. Saa za kupakia zinaweza kuanza kuhesabiwa kuanzia hapo, na zikizidi, aliyeikodi analipa faini ya ucheleweshaji kwa kila siku. Kwa hiyo nahodha akikuandikia "arrived at Mtwara port", usimjibu kwamba humwoni gatini. Muulize saa na mahali alipotia nanga, yaani saa ngapi nanga ilishika na wapi, uyaandike.

Hatua ya 4: Vyeo na majina

"Port manager" ni meneja wa bandari yote, pamoja na mapato na wafanyakazi wake. "Harbour master" ni mkuu wa upande wa maji: nani aingie, nani asubiri, rubani aende na meli ipi, maboya yako mahali pake au yamesogea. "Harbour manager" na "port master" si vyeo vya kawaida sana, kwa hiyo usiviandike kwenye barua ya kuomba kazi ila kama tangazo lenyewe limevitaja. "Port captain" naye hapewi mshahara na bandari. Ni mtu wa kampuni ya meli, kwa kawaida nahodha mzoefu, anayeziangalia meli za kampuni zikiwa bandarini.

Jina la mamlaka yetu yenyewe limetembea kutoka neno moja hadi jingine. Wakati wa ukoloni na mwanzo wa uhuru palikuwa na "East African Railways and Harbours". Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, ikawa "East African Harbours Corporation". Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 tukapata "Tanzania Harbours Authority", THA. Mwaka 2005 ikaja "Tanzania Ports Authority", TPA. Kwa Kiswahili sisi tumesema "Bandari" muda wote huo. Mabadiliko ya Kiingereza yana maana yake: sheria ya sasa inazungumzia huduma, wapangaji na wawekezaji kuliko maji. Ukitafsiri hati ya mwaka 1985, acha "Harbours" ilivyo. Kuandika TPA kwa tukio la mwaka huo ni kosa la historia.

Hatua ya 5: Maneno yanayoambatana nayo

Kiingereza husema meli "calls at a port", haisemi "calls at a harbour", kwa sababu kupitia mahali ni shughuli. Husema chombo "enters harbour" au "leaves harbour" kinapovuka mlango. "In port" bila kitangulizi humaanisha meli haiko safarini: "The ship is in port." Ukiongeza "the", kama katika "The ship is in the port", unaonyesha tu mahali ilipo. "In harbour" maana yake imetulia ndani ya maji salama.

Sikiliza maswali mawili ya nahodha wa mashua ya kitalii kwenye redio kabla hajaingia Mikindani. "How is the harbour?" Mjibu kina cha maji, upepo, mlango ulivyo na mahali panaposhika nanga. "How is the port?" Mjibu kama kuna ofisa wa uhamiaji, mafuta na maji ya kunywa. Aliyeuliza la kwanza akajibiwa kuhusu mafuta anaweza kuukwea mwamba.

Methali ya Kiingereza "any port in a storm" inakwenda kinyume na yote tuliyosema, maana pale "port" ni kimbilio. Ni usemi uliogandishwa. Utumie ulivyo, usijenge kanuni juu yake.

Hatua ya 6: "Port" inapomaanisha kushoto

Hapa "harbour" haimo kabisa. Ukiwa chomboni umetazama omo, yaani mbele ya chombo, mkono wako wa kushoto ni "port" na wa kulia ni "starboard". Ukigeuka kutazama tezi, yaani nyuma, pande hazigeuki nawe. Ni pande za chombo.

Jina lilitoka gatini. Meli za kale za kaskazini mwa Ulaya zilikuwa na kasia la usukani upande wa kulia, kwa hiyo zilifunga gati kwa kushoto ili kasia lisipondwe. Upande wa kushoto ukawa upande wa kupakia, nao uliitwa "larboard". Neno hilo lilifanana mno na "starboard" likipigiwa kelele kwenye dhoruba. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wakaamuru litumike "port".

Baharia wa jahazi ana mtego wake hapa, na wakufunzi wengi hawautaji. Sisi tunazitaja pande kwa upepo: joshi ni upande unaopokea upepo, demani ni upande wa pili, kunakofungwa kamba ya demani. Ukibisha na kugeuza foromali, ule mti unaoshika tanga, joshi na demani zinabadilishana. "Port" haibadiliki hata tanga ligeuzwe mara kumi. Kwa hiyo kamwe usitafsiri demani kuwa "port". Joshi ni "windward" na demani ni "leeward".

Lakini fungamanisha maneno hayo mara moja, kwa ajili ya usalama. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, zinasema vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, kila kimoja kikipata upepo kwa upande tofauti, chenye upepo upande wa "port" kinapisha. Kwa lugha yetu: joshi ikiwa kushoto, wewe ndiye unayepisha. Kwa vyombo vya injini vinavyokatizana, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha. Usiku taa ya "port" ni nyekundu na ya "starboard" ni kijani. Basi ukiona nyekundu ya mwenzako kuliani kwako, punguza mwendo na upite nyuma yake.

Maboya ya kwetu yako katika kanda A ya mfumo wa kimataifa wa maboya. Ukitoka bahari kuu kuingia ghubani, boya jekundu lenye umbo la pipa linabaki kushoto, la kijani lenye umbo la pia linabaki kulia. Ukitoka, kinyume chake. Aliyejifunza kwa video za Marekani awe mwangalifu sana, kwa sababu kule rangi zimegeuzwa.

Jambo la kana, yaani mpini wa usukani, nalo linataka uangalifu. Mwenye ngalawa anajua kwamba ukisukuma kana kushoto, omo inakwenda kulia. Amri za zamani za Kiingereza zilitolewa kwa kana: "hard a-port" ilimaanisha kana kushoto, meli ikaenda kulia. Katika miaka ya 1930 jambo hilo lilibadilishwa, na leo "port" kwenye amri ni upande inakokwenda meli. Ukisoma habari za ajali ya Titanic ya mwaka 1912, kumbuka amri zake ni za mtindo wa kale.

Hatua ya 7: "Harbour" inapokuwa kitenzi

"To harbour" ni kustiri, na mara nyingi ni kustiri kibaya. "He harboured a fugitive" ni alimficha mtoro, na ni neno la mahakamani. "She harbours a grudge" ni ana kinyongo. "Dirty water harbours germs" ni maji machafu yana vimelea. Kwa hiyo usiandike "We harbour tourists in Mikindani" ukidhani umesema mnawakaribisha watalii. Msomaji ataelewa mnawaficha. Sema "host".

Kuhusu tahajia, Tanzania hufuata Uingereza, yenye "u": "harbour". Marekani huandika "harbor", na majina ya pekee kama Pearl Harbor hubaki yalivyo. "Import" na "export" hazitokani na bandari: zimetoka kwenye neno la Kilatini la kubeba, ndiyo maana mzigo unaovuka Tunduma kwa lori nao ni "export".

Katika matamshi, vuta irabu ya "port" iwe ndefu. Ikikatwa fupi inasikika "pot", chungu, na kwenye redio yenye mkwaruzo nahodha atakuomba urudie.